Ndiyo ya Osaka

Haya kanihadithia Mwatima mwenyewe, Ijumaa iliyopita baada ya sala, kakaa jikoni kwangu ananisaidia kuchambua mchele. Mimi nimeongeza chumvi tu, tena kidogo.

Mnakumbuka tulipowaacha. Ni nyumbani kwa Mwatima, Stratford, ghorofa ya nne, sebule imejaa watu. Bi Ibtisam wa Croydon karudi kutoka Japani wiki hiyo hiyo. Kaja na mwanawe Muhsin, na kaja na mkanda wa video wa safari yao. Kaja pia kuchukua jibu la posa, maana Muhsin, mfanyabiashara wa magari ya Japani, anamtaka Miska, binti wa pekee wa Mwatima.

Na katikati ya mkanda, pale Bi Ibtisam anapoinamia bakuli la tambi mjini Osaka, sauti ya Muhsin ikasikika nyuma ya kamera. Ilisema jambo kwa Kiingereza, upesi upesi, chini chini.

Wazee hawakulipata. Miska, aliyezaliwa hapa hapa London, alilipata lote. Akakamata rimoti.

Akarudisha nyuma.

"We Miska! Unachezea nini?" alikemea Msabaha. Huyu ni baba mdogo wa Miska, na kwa kuwa baba mwenyewe kishafariki, yeye ndiye walii wa kumuozesha. Kazi hiyo aliikumbuka mwezi uliopita tu, Muhsin alipomwahidi gari.

Kwenye TV Bi Ibtisam aliinua tena kidole chenye pete tatu, akaonyesha bakuli.

"No pig?" alimuuliza msichana mhudumu. "No pig inside?"

Msichana akainama. "Yes, yes."

Bi Ibtisam wa kwenye TV akatabasamu, akatoa uma wake mwenyewe mkobani, uma aliotoka nao Croydon, akaanza kula. Ndipo nyuma ya kamera wakanong'onezana wanaume wawili, na mmoja akacheka.

"Anasema nini huyo mwanangu?" aliuliza Bi Ibtisam wa kwenye kochi. "Sauti yake nzuri hata akinong'ona."

"Nasema mama kapendeza," alijibu Muhsin. Akamnyang'anya Miska rimoti, akazima TV.

Mwatima akamtazama mwanawe usoni. Miska alikuwa mweupe kama unga.

"Mkizima video, mdomo ninao," alisema Bi Ibtisam.

"Tunaujua," alisema Kokila.

Kokila ni shoga wa Mwatima tangu utoto, Mhindi wa mtaa wa Hurumzi kule kwetu, sasa ana duka la vitambaa Queensbury. Alialikwa ashuhudie jibu la posa. Hakualikwa aseme, lakini ni nani aliyewahi kumzuia Kokila?

Basi Bi Ibtisam akaendelea. Wasomaji wangu, aliyesema tembea uone hakumjua mwanamke huyu. Huyu katembea aonekane.

"Tokyo, jamani! Watu kama siafu na hakuna anayekugusa. Si kama hapa kwenu Stratford, mtu anakukanyaga kisha anakutazama wewe."

"Ulinunua nini huko?" aliuliza Kokila.

"Niulize nini sikununua! Lipo duka, kila kilichomo bei moja."

Na zawadi zake zilikuwa za duka hilo hilo. Mwatima kapewa vijiti viwili vya kulia wali. Kokila kapewa upepeo wa karatasi uliokwisha kunjika vibaya. Msabaha, aliyeahidiwa gari, kapewa kigari cha bati cha kutundikia ufunguo, na masikini akakitia mfukoni kwa heshima, kama kakabidhiwa gari lenyewe.

"Na Kyoto kuna hekalu lote dhahabu tupu," Bi Ibtisam alisema.

"Uliingia?"

"Niingie hekaluni mimi Muislamu? Nilisimama mbele nikapigwa picha."

"Kwa hiyo dhahabu umeipa mgongo."

"Kokila, wewe una husuda. Nara je? Paa wanatembea mjini kama watu, na wote wananiinamia! Mmoja mmoja, wanateremsha vichwa."

"Wanaomba biskuti hao. Huwainamia wote."

"Mbona mmoja alinifuata mpaka kwenye basi?"

"Alikuwa anakula buibui lako, mama," alisema Muhsin, akacheka peke yake.

"Lakini kilichonikonga moyo ni choo," Bi Ibtisam alisema, na hapo kidogo alisema kweli. "Wazungu miaka yote hii hawajajua kutawadha. Mjapani, choo kinakutawadha chenyewe! Maji ya moto, kopo hulihitaji. Ila vibonyezo vimeandikwa kwao. Nilibonyeza nisichokijua, maji yakanipiga usoni."

"Ulikuwa umekaa vipi mpaka yakakupiga usoni?" aliuliza Kokila.

Bi Ibtisam hakupata nafasi ya kujibu, maana Miska alisimama, akamshika mama yake mkono, akamvuta jikoni. Mlango akaufunga kwa mgongo.

Miska husema Kiingereza, kama watoto wa hapa, ukimsemesha hivi anajibu vile. Mimi nakuandikieni kwa lugha ya watu.

"Mama, unajua kasema nini kwenye video?"

"Kasema kapendeza."

"Hakusema hivyo. Kulikuwa na rafiki yake, jina lake Asad. Asad kamwambia, 'Kasema yes, bwana. Nguruwe yumo. Mwambie mama'ko asile.'"

Mwatima akaliachia birika mezani.

"Na yeye kajibu nini?"

"Kajibu, 'Mwache ale. Nikimwambia atapiga kelele hapa, na hawa ni watu wangu wa biashara. Hajui, basi hana dhambi.' Kisha kacheka."

Mwatima alishika ukingo wa sinki. Anafanya kazi ya kulea wazee wa Kizungu, kashawaona watoto wa kila namna, wanaokuja na maua na wanaokuja kuuliza nyumba itauzwa lini. Lakini huyu mama yake alikuwa naye meza moja!

"Wewe bado unamtaka?" aliuliza.

"Jana nilikuwa namtaka. Mama, kama mama yake kamfanyia hivyo, mimi atanificha nini?"

Sasa tazameni Mwatima alivyobanwa. Akisema, atamwambia mwanamke mzima, mbele ya watu, kwamba mwanawe wa kumzaa kamtazama anakula nguruwe. Hata Bi Ibtisam, na mdomo wake wote, hastahili kuambiwa hivyo na mtu baki. Na asiposema, jibu liko mdomoni kwa Msabaha kama kalimati la moto, linataka kutoka.

Sebuleni Msabaha alikuwa kishaanza kukohoa. "Bismillahi. Kwa niaba ya ukoo wetu, na kwa kuwa kijana tumemuona, na ana gari... ana kazi yake..."

Mwatima alitoka na sinia la chai. "Shemeji, subiri. Mgeni hajamaliza safari yake. Tumemwacha Osaka na njaa."

"Shemeji, jambo ni jibu, si tambi."

"Jibu haliozi. Haya, Bi Ibtisam, ukala?"

Alikuwa hajaulizwa swali tamu kama hilo tangu ashuke ndege. "Nikala? Bakuli mbili! Supu nzito, imekolea, na nyama laini ukiigusa inakatika. Lakini kwanza niliuliza. Mimi siendi kichwa kichwa. Nimemwambia no pig? Kasema yes. Ndiyo, hamna. Nikapiga bismillahi."

"Na wewe, Muhsin mwanangu," alisema Mwatima, anamimina chai taratibu, "uliionaje hiyo supu?"

"Mimi sikula, anti. Nilikuwa nimeshiba."

"Na mwenzako Asad?"

"Naye... naye alikuwa ameshiba."

"Ajabu. Vijana wawili wameshiba, mtu mzima peke yake ana njaa."

Muhsin alilegeza tai. Kijana mrefu, mzuri wa sura, suti yake ilipigwa pasi mpaka inakata. Jasho lilimtoka chini ya nywele kama bibi harusi aliyepambwa mapema. "Anti, tuzungumze posa," alisema.

Mwatima alimpa sukari. Ndivyo alivyo, mvumilivu kama chungu cha makande, na hapo hakujua bado atakwenda mbele au nyuma.

Aliyekwenda mbele ni Kokila, naye hakujua anakwenda wapi.

"Kweli lakini Wajapani wanaitika kama sisi," alisema. "Mimi nilipoolewa mume wangu alinipeleka Kobe, karibu na huko huko Osaka. Kanga mlizokuwa mkivaa zamani, nyingi zikipigwa chapa Japani, na yeye ndiye akiziagiza. Sasa mtu wa kwetu ukimuuliza, 'Hujala?' na kweli hajala, atasema nini?"

"Ndiyo, sijala," alisema Bi Ibtisam.

"Na Mjapani vile vile. Hai, sijala. Hai yao ndiyo ndiyo yetu. Mzungu ndiye kinyume, yeye atasema no. Nilipohamia hapa nilitaabika mimi! Daktari kaniuliza, 'Huna maumivu?' Nikasema yes. Kanichoma sindano!"

Wote wakacheka, hata Msabaha. Wote ila Muhsin. Muhsin alikuwa kamkodolea macho Kokila.

"Ngoja," alisema. "Unasema yule msichana... yes yake ilikuwa..."

"Ndiyo, hamna. Lini Mjapani akasema yes kwa Kizungu? Maneno ya Kizungu, mawazo ya kwao."

Hapo, wasomaji wangu, Muhsin aliinuka kitini. Uso ukamnawiri, akapiga makofi.

"Alhamdulillahi! Mnaona? Hakuwamo! Kumbe mama hakula nguruwe!"

Chini barabarani basi lilisimama, likaondoka.

Bi Ibtisam aliweka kikombe.

"Nani kala nguruwe?"

"Hakuna, mama. Ndiyo nasema, hakuna."

"Nani alisema nimekula nguruwe?"

"Hakuna aliyesema."

"Mbona umeshukuru? Mtu hushukuru akinusurika. Wewe umenusurika nini, Muhsin?"

Msabaha akajitia kati. "Jamani, kijana kafurahi tu, safari ndefu..."

"Wewe nyamaza na kigari chako!" alisema Bi Ibtisam. Hakumtazama hata. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe, na sauti ile ya kujigamba haikuwamo tena. "Ulishiba, eh? Na Asad akashiba. Mkakaa mnanitazama."

"Mum, please. Not here."

"Hapa hapa! Kule ulinionea haya mbele ya Wajapani, hapa unanionea haya mbele ya wenzangu. Mimi nitakuwa mama yako wapi?"

"Lakini hakuwamo, mama! Umesikia mwenyewe!"

"Bakulini hakuwamo. Alikuwamo kifuani mwako, na ukaniachia nimle."

Mwatima kaniambia hapo alimhurumia, na huruma hiyo ilimuudhi, maana alikuwa kajiandaa kumdharau mwanamke yule mpaka maghribi.

Bi Ibtisam akasimama, akafunga mtandio vizuri, akageuka.

"Mwatima. Nilikuja kuposa kwako. Posa naiondoa mimi mwenyewe. Usimpe mtoto wako."

"Haiondoki!" Msabaha aliruka. "Tangu lini posa ikaondolewa na mwanamke? Mimi ndiye walii! Kijana mwenyewe yupo, anataka, na jibu langu ni ndiyo!"

"Ndiyo ya wapi?" aliuliza Kokila. "Ya hapa, au ya Japani?"

"Nyamaza, Kokila! Muhsin, sema. Unamtaka au humtaki?"

"Namtaka," alisema Muhsin. Mama yake yuko mbele yake, posa kaiondoa, na yeye alikwisha kurudi kwenye biashara. Alitabasamu hata. "Yamepita haya. Kutoelewana kwa lugha tu. Miska, wewe ni mtu wa hapa, unanifahamu. Waambie."

Miska alikuwa bado mlangoni mwa jikoni. Mtoto yule tangu skuli hajatamka sentensi nzima ya Kiswahili mbele ya wageni, huona watamcheka. Akamtazama Msabaha, si Muhsin.

"Ba'mdogo," alisema, "mimi sitaki."

"Unasemaje?"

"Sitaki. Hapana ya hapa, hapana ya Japani. Sitaki."

Na walii bila ya radhi ya bibi harusi ni nini? Ni mtu kavaa kanzu tu. Msabaha alilijua hilo kama nyote mnavyolijua. Akachukua kofia.

"Twende, Muhsin. Hawa watapoa. Alhamisi nitakwenda kwa sheikh."

"Mama, twende," alisema Muhsin, ufunguo wa gari mkononi.

"Mimi nimeshiba," alisema Bi Ibtisam.

Wakatoka wawili, walii na bwana harusi, wakateremka ghorofa zote nne kwa miguu kwa sababu lifti ya jengo lile huharibika siku za aibu. Kokila naye akaaga, ana duka la kufunga, na Queensbury ni mbali. Upepeo wake kauacha mezani.

Mnafikiri Mwatima alipata kupumua? Mgeni wake alikuja na gari la mwanawe, na kulipanda tena hataki. Stratford aliyoidharau mchana ndiyo iliyompa kochi jioni. Kajinyoosha na viatu vyake, ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Kichwa chake kilikuwa kingali Tokyo, na Tokyo saa hiyo watu wote wamelala.

"Mwatima mdogo wangu," alisema, macho yanajifumba. "Nikwambie kitu?"

"Sema."

"Mimi sikupelekwa Japani kutembezwa. Paa, dhahabu, maduka, yote hayo yalikuja nyuma."

Mwatima akakaa ukingoni mwa meza. Miska alikuwa jikoni, maji yanamwagika, hasikii.

"Ulipelekwa kufanya nini?"

"Kumuona mtoto." Bi Ibtisam alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka. "Wa Muhsin. Wa kiume, anatambaa. Macho ya kwao, paji la uso la kwetu. Mama yake alinipa nimbebe, nikambeba. Hotelini nililia peke yangu."

"Muhsin ana mke?"

"Kamuoa. Kaniambia nifiche mpaka apate na wa hapa."

"Na wewe ukalijua hilo," Mwatima alisema polepole, na huruma yote ikamkauka, "ukavaa dhahabu zako, ukaja kwangu, ukakaa kwenye kochi langu, ukanikalisha mbele ya video ya paa, kumposa mwanangu?"

"Nililijua." Hakujitetea. Labda usingizi ulikuwa umekwisha kumla haya. "Nilisema, mume akiwa na siri moja si mwisho wa dunia. Sasa naona ana tumbo zima la siri. Ndiyo nakwambia. Maana yule mwanamke si mjinga, Mwatima. Anajua kuna Miska. Picha yake kaiona. Kaniuliza jina, nikamwambia. Kaniuliza nyumba iko wapi..."

"Ukamwambia?"

"Nilifikiri anataka kumtumia zawadi. Kwao wanapenda zawadi. Kumbe kishakata tikiti. Anakuja London, yeye na mtoto, anakuja hapa hapa kwako..."

"Lini?" Mwatima alimshika bega. "Bi Ibtisam! Anakuja lini?"

Bi Ibtisam alifungua mdomo, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kutaja siku.

Akakoroma.

Mwatima akamtikisa, akamwita, akamvua viatu, akamwagia tone la maji kwenye shavu. Wapi! Keshalala.